Anayekulipa Kutangaza Mtandaoni Ananunua Nini Hasa
Hotuba kwa watengeneza maudhui na wafanyabiashara wa Mwanza

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotufikia, kaka zangu na dada zangu wa Nyamagana na Ilemela, nanyi mliovuka maji kutoka Ukerewe na mliopita Daraja la Kigongo–Busisi kutoka Sengerema: mwangaluka!

Mada niliyopewa ni malipo. Mtu mwenye wafuasi mtandaoni alipwe kiasi gani anapotangaza bidhaa ya kampuni au ya duka? Humu ukumbini mmekaa pande mbili. Wapo wanaopiga video, na wapo wenye saluni, migahawa, maduka ya Makoroboi na mabasi, wanaotaka kutangaziwa. Nitasema nanyi wote kwa pamoja, maana ugomvi wa bei ninaousikia kila mara unatoka mahali pamoja: muuzaji hajui ameuza nini, na mnunuzi hajauliza ananunua nini.

Kwa kawaida swali huja hivi: "Nina wafuasi elfu ishirini, nichaji ngapi?" Marekani ilivuma kwa miaka kanuni ya dola 100 kwa kila wafuasi 10,000, na hata huku wapo wanaoitaja kama sheria. Iacheni. Idadi ya wafuasi inaonyesha watu waliowahi kubonyeza kitufe, pengine miaka minne iliyopita. Haisemi nani ataiona video yako Ijumaa hii. Siku hizi Instagram na TikTok zinaweza kuipeleka video kwa watu ambao hawakufuati kabisa, na wafuasi wako wenyewe wasiione.

Anayekulipa ananunua vitu vinne: kazi yako, macho ya watu, ruhusa ya kuitumia video hiyo kwa njia zake mwenyewe, na ahadi kwamba hutamtangaza mshindani wake. Kila kimoja kina bei yake. Ukivitaja vyote kwa mkupuo, "laki mbili bosi", umeshavitoa vingine bure.

Tuanze na kazi, kwa sababu ndiyo rahisi kuhesabu na ndiyo inayosahaulika. Video ya sekunde 40 ya mgahawa wa sato haitengenezwi kwa sekunde 40. Kuna kuandika maneno, kwenda, kusubiri samaki aive, kupiga, kurudia kwa sababu jenereta la jirani limeingia kwenye sauti, kuhariri, kuweka maandishi, kutuma ikaguliwe, kurekebisha. Hizo ni siku mbili. Kama siku yako unaithamini Sh60,000, tayari ni Sh120,000. Mpiga picha Sh50,000. Nauli na bando Sh20,000. Jumla Sh190,000 kabla hujaposti chochote. Hizi ni namba za mfano, kila mtu aweke zake. Mimi nataka mshike mpangilio wa hesabu.

Na kuna gharama zinazojificha. Mteja akisema anataka picha za Kisiwa cha Saanane, kumbuka kile ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, na kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi kunahitaji kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Akitaka droni ipite juu ya Jiwe la Bismarck, droni ina taratibu zake za Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Uliza kabla ya kutaja bei, si baada ya kushika advansi.

Sasa macho ya watu. Hapa ndipo wengi wanadanganyana, mara nyingine bila kukusudia. Mtu anasema, "Video zangu zinaangaliwa na watu elfu thelathini na saba." Ukizifungua tisa za mwisho unakuta hivi: 6,000, 7,000, 9,000, 11,000, 12,000, 13,000, 15,000, 20,000 na moja ya 240,000. Jumlisha, gawanya kwa tisa, unapata 37,000 kweli. Lakini hakuna hata video moja iliyokaribia 37,000. Moja ilivuma, labda ile ya mvua kubwa iliyofunga barabara, nane zilizobaki hazikuvuka 20,000. Kwa hiyo zipangeni kutoka ndogo hadi kubwa, mchukue iliyo katikati. Hapa ni 12,000. Hiyo ndiyo namba ya kuuzia, na mfanyabiashara akikubali namba nyingine yoyote amenunua bahati ya video moja.

Mfanyabiashara, usitosheke na skrinishoti. Skrinishoti inahaririwa kwa dakika tano. Omba rekodi ya skrini: mtu afungue akaunti yake, aingie kwenye takwimu, ashuke taratibu huku simu inarekodi. Angalia mambo matatu. Kwanza watu waliofikiwa, ambao ni tofauti na idadi ya mara video ilipochezwa, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuicheza mara sita. Pili waliohifadhi na waliotuma kwa wenzao. Anayehifadhi video ya mgahawa anapanga kwenda. Tatu, na kwa Mwanza hili ndilo kubwa, miji wanakotoka watazamaji.

Hapo kwenye miji tukae kidogo. Kama una saluni karibu na Mlango Mmoja, mteja wako ni yule anayeweza kufika kwa daladala au bodaboda. Akaunti yenye wafuasi laki moja, asilimia 70 wako Dar es Salaam na Nairobi, itakuletea sifa na simu za watu wanaouliza kama mna tawi Sinza. Akaunti ya wafuasi 6,000 ambao karibu wote wako Nyegezi, Buzuruga, Igoma na Malimbe kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT ina thamani zaidi kwako. Na wewe mwenye hiyo akaunti ndogo, acha kujidharau mbele ya watu wa Dar. Fungua ukurasa wa miji, mwonyeshe mteja, halafu taja bei yako ukiwa umenyooka. Kinyume chake, kama bidhaa inasafirishwa nchi nzima, tuseme dagaa waliokaushwa vizuri na kufungashwa Kirumba, basi wa Dar ndio unaowataka.

Wafuasi wa kununua hutambulika. Akaunti imeruka watu elfu kumi ndani ya wiki moja na hakuna video iliyovuma wiki hiyo. Maoni ni vikatuni vya moto na makofi tu, hakuna anayeuliza bei wala mahali. Wafuasi wengi wanatoka nchi ambazo mwenye akaunti hajawahi kuongea lugha zake. Ukiona mawili kati ya hayo, tafuta mtu mwingine.

Bei ya macho huhesabiwa kwa kila watu elfu moja. Tukichukua kwa mfano Sh8,000 kwa elfu moja, watu 12,000 ni Sh96,000. Ongeza ile kazi ya Sh190,000, tumefika Sh286,000. Watu wengi huishia hapo, wanaposti, wanalipwa, wanafurahi.

Cha tatu, ruhusa ya kuitumia video, ndicho kinachonifanya nisimame hapa. Miezi miwili baada ya kuposti, kijana anamwona mwenyewe kwenye tangazo la kulipia linalozunguka Facebook. Anapita barabarani anakuta uso wake kwenye bango. Anaambiwa na shangazi yake kwamba video yake inachezwa kwenye skrini ya duka. Alilipwa mara moja, laki mbili. Akilalamika anaambiwa, "Si tulikulipa?" Na kwenye ujumbe wa WhatsApp hakuna neno hata moja linalosema alilipwa kwa ajili ya nini.

Kuposti kwenye ukurasa wako ni jambo moja. Kumpa mtu ruhusa aichukue video, aikate, aibusti, yaani ailipie isambazwe kama tangazo, kwa hela yake, aiweke kwenye bango na redio, ni jambo lingine. Mwenye mtumbwi akikubeba kwenda Ukerewe unalipa nauli. Ukitaka kukaa na mtumbwi wake miezi mitatu uvulie, hapo mnaongea kukodi, na kukodi hakulingani na nauli. Ruhusa hii iandikwe kwa mambo manne: mitandao gani, nchi gani, muda gani, na kama wanaruhusiwa kuihariri. Maneno ya kuogopa kwenye mkataba ni "milele", "duniani kote" na "vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa". Yakiwapo, ama yafutwe ama bei ipande sana.

Kuikadiria, wengi kwenye biashara hii huchukua asilimia ya bei ya msingi kwa kila mwezi. Tuweke asilimia 30. Kwa Sh286,000 hiyo ni Sh85,800 kwa mwezi, miezi mitatu Sh257,400. Na kama kampuni inataka usitangaze mshindani wake yeyote kwa miezi miwili, hapo umefungwa mikono, na kufungwa kuna gharama kwa kuwa kazi zitakuja na utazikataa. Tuweke asilimia 25 kwa mwezi: Sh143,000 kwa miezi miwili. Jumla yote sasa ni Sh686,400.

Tazameni hiyo hesabu. Kazi na macho ni Sh286,000. Ruhusa na kufungwa mikono ni Sh400,400. Zaidi ya nusu ya thamani imo kwenye mambo ambayo watu wetu hawayataji kabisa. Mfanyabiashara naye asiogope namba hii, maana anaweza kupunguza. Kama huhitaji kuibusti, usinunue ruhusa. Kama hujali akitangaza saluni nyingine mwezi ujao, usimfunge. Utapata video na posti kwa Sh286,000 na mtaachana kwa amani. Na ukimfunga, taja washindani kwa majina au kwa aina ya biashara. "Asitangaze chakula chochote" kwa mtu anayeishi kwa kutangaza migahawa ni kumnyima kula.

Katika kubusti, kuna kosa ninaloomba liishe leo. Kampuni inaomba nywila ya akaunti yako ili iweke tangazo. Usimpe mtu nywila. Instagram ina njia ya tangazo la ushirikiano ambapo unaidhinisha posti moja tu. TikTok unatoa msimbo wa idhini wa video hiyo moja, na unachagua wautumie siku 7, 30, 60 au 365. Watu wanabonyeza 365 bila kufikiri, wakati walilipwa kwa mwezi mmoja. Muda wa msimbo ulingane na muda uliolipwa.

Muziki nao umewaliza wengi. Umeweka bongofleva inayotamba, video imependeza, kampuni inataka kuibusti, Instagram inakataa au inazima sauti. Sababu ni kwamba muziki ule umeruhusiwa kwa matumizi ya mtu binafsi, haujaruhusiwa kwa tangazo. TikTok ina maktaba yake ya muziki wa biashara, na Meta, wenye Instagram na Facebook, ina sauti za bure za kutumia. Chukua huko tangu mwanzo. Ukitaka wimbo wa msanii fulani, ruhusa itafutwe kwa wenye haki, na mkataba useme nani anailipia.

Kulipwa kwa bidhaa nitapita haraka. Kusukwa bure, kulala hotelini Capri Point bure, kula bure: si vibaya kama mwenyewe ungekinunua kitu hicho. Kama usingekinunua, hukulipwa. Andikeni thamani yake kwa bei ya dukani, kwa sababu kwa sheria ya kodi ya mapato malipo ya bidhaa nayo ni mapato.

Kamisheni ina maneno zaidi. Mwenye duka anasema, "Nitakupa asilimia 10 ya kila mkoba utakaouzika kupitia wewe." Ni mpango mzuri kwa duka dogo lisilo na laki tano za kutanguliza. Unaharibika kwa sababu moja: hakuna anayejua mteja ametoka wapi. Mauzo yetu mengi yanafungwa WhatsApp, na binti wa dukani ana wateja arobaini kwa siku, hamuulizi mtu aliona tangazo la nani. Dawa yake ni kutenganisha njia. Duka lisajili laini moja ya WhatsApp itakayotajwa kwenye video yako tu, au litumie Lipa Namba tofauti kwa mauzo hayo. Kila Jumamosi mnakaa, mnafungua ujumbe wa malipo, mnahesabu. Kama duka haliko tayari kufungua hizo ujumbe mbele yako, omba malipo ya kawaida. Na hata kwa kamisheni, gharama ya kutengeneza video ilipwe kwanza, kwa sababu kama bidhaa ni mbovu au bei iko juu, hilo si kosa lako.

Kwenye ulipaji, masharti ya kawaida yanayolinda pande zote ni nusu kabla ya kupiga na nusu siku ya kuposti. Makampuni makubwa, hasa yanayopitia wakala, hulipa siku 30, 60, hata 90 baada ya ankara. Ankara ikichelewa wiki mbili, malipo yanachelewa wiki mbili juu ya hizo, kwa hiyo itume siku ileile ya kuposti, ikiwa na namba yako ya mlipakodi (TIN), namba ya agizo la kampuni na akaunti ya benki. Kama kuna wakala, muulize anakata asilimia ngapi. 10 hadi 20 ni kawaida. Wakala asiyetaka kusema anakata ngapi ana sababu.

Mkataba hauhitaji kurasa ishirini. Ukurasa mmoja unatosha kama umetaja tarehe ya kuposti, idadi ya video na stori, posti itakaa muda gani kabla ya kufutwa, na marekebisho mangapi. Mizunguko miwili ya marekebisho imo kwenye bei, wa tatu unalipiwa. Kampuni ipewe saa 48 kukagua. Wekeni pia nini kinatokea kazi ikivunjwa: ikivunjwa baada ya video kupigwa, ile nusu ya kwanza hairudi.

Kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali. Mlipaji anaikata, anaipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), anakupa cheti cha zuio. Kwa Sh686,400, zuio ni Sh34,320 na utapokea Sh652,080. Kijana asiyejua hili anadhani ameibiwa. Kama mlikubaliana upokee Sh686,400 kamili mkononi, gawa kwa 0.95, ankara iandikwe Sh722,526. Cheti kitunze, ndicho kinachoonyesha kodi ilikatwa kwa TIN yako. Na msiandike bei kwa dola baina yetu wenyewe hapa nchini. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Kuna pesa ambayo ni bora uiache mezani, na nalisema hili kwa uzito. Ukiletewa krimu ya kung'arisha ngozi isiyo na usajili wa TBS, shirika la viwango, usiishike. Yenye zebaki au haidrokwinoni imepigwa marufuku, na inayoungua ni ngozi ya mdogo wako anayekuamini. Dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Tangazo la dawa bila idhini yao ni kosa. Programu za mikopo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni, kwa hiyo kabla ya kutangaza mkopo wowote, omba namba ya leseni na uihakiki Benki Kuu. Watu waliodhalilishwa kwa ujumbe wa kudai deni ambao wakopeshaji hutuma kwa wakwe na mabosi wao waliingia humo baada ya kumwona mtu wanayempenda akitabasamu kwenye video.

Msidhani jina kubwa linakinga. Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, alilipwa dola 250,000 kutangaza sarafu ya kidijitali EthereumMax kwenye Instagram bila kusema kiasi alicholipwa, jambo ambalo sheria ya Marekani ya dhamana za uwekezaji inalitaka. Oktoba 2022 alikubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza shauri hilo. Ufaransa ilitunga sheria Juni 2023 inayoweza kumpa mshawishi wa mtandaoni kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 300,000. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na haimtofautishi mwenye duka na anayemtangazia. Andika neno "Tangazo" mwanzoni mwa maelezo, au tumia alama ya ushirikiano wa kulipwa iliyomo kwenye programu yenyewe. Neno hilo likifichwa chini ya alama ishirini za reli (#), halijaandikwa. Kampuni inayokukataza kuliandika inakubebesha wewe hatari yake.

Na mtu asipokulipa? Usianze kwa kumtukana mtandaoni, maana hapo unampa yeye kesi. Siku ya kwanza baada ya tarehe kupita, tuma ankara ileile tena na ujumbe mfupi. Baada ya siku saba, tuma barua yenye tarehe, kiasi, kiungo cha posti, na sentensi kwamba ruhusa ya kuitumia video imesimama mpaka deni lilipwe. Hapo ndipo faida ya kutenganisha ruhusa inapoonekana: kama video inabustiwa, unaondoa idhini yako na tangazo linasimama, na mhasibu aliyekuwa hapatikani anapiga simu mwenyewe. Ili uweze kufanya hivyo kihalali, mkataba lazima uwe umesema kwamba ruhusa inaanza malipo ya mwisho yakishaingia. Deni likibaki, madai ya mkataba ya kiwango hiki yanapokelewa Mahakama ya Mwanzo. Nenda na mkataba, ankara, rekodi ya ujumbe na rekodi ya skrini ya takwimu za siku ile, ukiwa umezichapisha.

Nina nusu saa ya maswali. Waliokuja na mikataba mkononi wakae mbele, tutaisoma kifungu kwa kifungu, tukianza na kile cha ruhusa.